Ukipigwa na polisi wakati wa kukamatwa: jinsi ya kudai fidia mahakamani nchini Kenya

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria hapa Mombasa akiwa na bahasha ya kaki iliyofura. Ndani mlikuwa na eksirei ya mkono uliovunjika, fomu ya P3 (ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako), risiti za hospitali zilizofungwa kwa mpira, na majina ya mashahidi watatu pamoja na nambari zao za simu. Ni nadra kuona mtu amejipanga hivyo. Nikamuuliza alikamatwa lini. Alipotaja tarehe nikahesabu kwa vidole chini ya meza: miezi kumi na mitano. Alikuwa akingoja kesi ya jinai aliyobambikiwa iishe kwanza, maana kuna mtu kituoni alimwambia, "Huwezi kushtaki serikali na wewe mwenyewe una kesi." Kesi ikaisha, akaachiliwa huru. Dai lake la kupigwa lilikuwa limekufa miezi mitatu kabla.

Kwa hiyo nitaanza na tarehe, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwanza: hesabu miezi kumi na miwili

Sheria ya ukomo wa madai dhidi ya taasisi za umma, Sura ya 39, inasema dai la madhara dhidi ya serikali lifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu tukio litokee. Jirani yako akikupiga una miaka mitatu. Askari akikupiga una mwaka mmoja. Si haki, lakini ndivyo sheria ilivyo, na wakili wa serikali huwa haachi kuitaja: mara nyingi ni hoja yake ya kwanza, na ikikubaliwa hakuna atakayefungua bahasha yako.

Angalia mtego uliomnasa yule kijana. Kipigo na kuzuiliwa kinyume cha sheria, saa yake huanza kuhesabu wakati ule ule wa tukio. Kushtakiwa kwa hila, yaani kufunguliwa kesi ya uongo, saa yake huanza siku kesi ile ilipoisha kwa upande wako. Ni madai mawili yenye saa mbili. Ukiwa bado unahudhuria kesi ya jinai, fungua la kipigo. Hakuna sheria inayokukataza. La kesi ya uongo litafuata baadaye.

Andika tarehe ya kukamatwa kwenye karatasi, hesabu miezi kumi, na hiyo ndiyo iwe tarehe yako ya mwisho. Miezi miwili inayobaki ni ya wakili mgonjwa, mtandao wa mahakama uliokwama, na mengine ya dunia.

Kama mwaka umeshapita, mlango mmoja bado uko wazi kidogo. Ni ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu, kwa kudai haki zako za Katiba zilivunjwa. Ombi hilo halina ukomo ulioandikwa, ila majaji hutaka sababu ya kueleweka ya kuchelewa. Kina mama waliopigwa na polisi pale Uhuru Park Machi 1992, wakidai watoto wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, walikwenda mahakamani miaka mingi baadaye, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikawasikia. Lakini wao walikuwa na enzi ya Nyayo, yaani utawala wa Rais Moi, ya kuieleza. "Nilikuwa nangoja kuona itakavyokuwa" haitakufikisha popote.

Pili: jua nguvu ipi ni halali

Polisi anaruhusiwa kutumia nguvu. Nalisema wazi kwa sababu wengi huja wakidhani kusukumwa tu ni kesi. Sheria ya mwenendo wa jinai inamruhusu kutumia njia zinazohitajika kumkamata mtu anayekataa kukamatwa, lakini si zaidi ya hapo, na ukishakamatwa usifungwe wala kubanwa kuliko inavyohitajika kukuzuia kutoroka.

Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 ndilo utakaloegemea. Linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikibidi, ilingane na lengo, uzito wa kosa na ukinzani aliokutana nao. Mtu akiumia, askari waliopo wamsaidie apate matibabu mara moja na ndugu zake waarifiwe. Tukio lenye kifo au majeraha makubwa liripotiwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Na kusema "niliamriwa" hakumwokoi askari aliyetii amri ambayo ni haramu waziwazi.

Sasa chukua tukio lako ulikate vipande viwili: kabla ya pingu na baada ya pingu. Kabla ya pingu, serikali itasema ulipigana, ulikimbia, ulimshika askari shati. Huko kuna mvutano na jaji anaweza kuegemea popote. Baada ya pingu, au ukiwa umelala kifudifudi, au ndani ya gari, ukinzani gani huo wa kulingana na rungu? Kesi nyingi nilizoona zikisimama imara zilisimama juu ya pigo la baada ya pingu. Kama lipo, lieleze kwa undani kuliko mengine yote.

Tatu: siku nne za mwanzo

Hapa nitakaa, kwa sababu kazi kubwa iko hapa.

*Hospitali kabla ya kituo*, ikiwa uko huru. Ukiwa seli, omba matibabu na ukumbuke uliyemwomba. Kunyimwa ni kosa jingine la kuongeza kwenye dai. Kwa daktari usiseme tu "nimepigwa". Mwonyeshe kila mahali, hata panapoonekana padogo. Madaktari wetu wamechoka na foleni ni ndefu, na asipoongozwa ataandika majeraha ya tishu laini, nukta. Mwombe kwa heshima aandike upande gani, urefu kwa sentimita, jeraha lina muda gani na limesababishwa na kitu cha aina gani. "Mchubuko wa sentimita 7 mkono wa kushoto chini ya kiwiko, wa saa zisizozidi 24, kitu butu" ni ushahidi. "Maumivu ya mkono" ni malalamiko.

*Picha* zipigwe siku hiyo na zirudiwe siku ya tatu, kwa sababu mvilio wa damu hujitokeza vizuri baadaye. Weka sarafu au rula kando ya jeraha ili ukubwa uonekane. Piga moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha uso wako, maana mkono peke yake hauna jina. Alama za pingu kwenye vifundo vya mikono husahaulika na hufutika haraka. Nguo zenye damu au zilizochanika usifue. Zikaushe kivulini, zitie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, uandike tarehe juu yake.

*Nambari ya OB.* Nenda kituoni, ikiwezekana si kile cha waliokupiga, na usiende peke yako. Sema unataka tukio liandikwe kwenye daftari la matukio, kisha uondoke na nambari. Nambari hiyo huwa na namba ya tukio na tarehe, kwa mfano 23/14/6/2025. Hapo hapo omba fomu ya P3, ambayo ni bure. Anayekudai pesa ya fomu anakula hongo. Peleka fomu hospitali ile ile iliyokutibu mwanzo ili maandishi yafanane. Kituo kikikataa kuandika, usibishane kaunta. Toka nje, andika saa, jina au nambari ya begani ya aliyekataa, na aliyekuwa nawe asaini. Kukataliwa huko nako kutaingia kwenye hati yako.

*Majina.* Askari mwenye sare ana nambari. Gari la polisi lina namba inayoanza na GK, na gari la kiraia lina namba zake pia. Hukuona chochote? Usikate tamaa. Andika kituo ulichopelekwa, saa uliyoingizwa, sura, lugha, jina la utani waliloitana. Unaweza kumshtaki Mwanasheria Mkuu kwa matendo ya maafisa hata kama huwajui kwa majina, mradi uonyeshe walikuwa polisi na walikuwa kazini.

Halafu hili la saa. Nimeona shahidi mzuri akichekwa mahakamani kwa sababu yake. Yeye alisema "saa mbili usiku", karani aliyemwandikia maelezo kwa Kiingereza akaweka saa mbili ya Kizungu, yaani saa nane usiku kwetu, na daftari la kituo likaonyesha mtu aliingizwa seli saa tatu usiku, muda wa saa tano kabla ya kile "kipigo". Wakili wa serikali hakuhitaji swali jingine. Kabla hujasaini karatasi yoyote ya Kiingereza, tafuta kila saa iliyotajwa na uiulize: hii ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu?

*Video na kamera.* Kamera za maduka na majumba hufuta zenyewe baada ya siku au wiki chache. Nenda mapema, na mwenye duka akiogopa kukupa, mwandikie barua ya kumwomba asifute. Aliyerekodi kwa simu aitunze video ya asili; ile iliyozunguka WhatsApp imepungua ubora na imepoteza tarehe yake. Mahakamani, ushahidi wa kielektroniki huambatanishwa na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ulirekodiwa kwa kifaa gani na ulifikaje kwenye flashi. Cheti hicho hutiwa saini na mtu aliyehusika na kifaa, kwa hiyo usipoteze mawasiliano naye.

Nne: ukifikishwa mbele ya hakimu

Katiba, Ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiangukia nje ya saa za kazi au siku isiyo ya mahakama. Siku hiyo ya kwanza ni zawadi ambayo watu huitupa. Inua mkono, mwambie hakimu: "Mheshimiwa, nilipigwa nilipokamatwa, naomba irekodiwe na nipelekwe hospitali." Vua kofia, onyesha kichwa. Hakimu ataandika alichokiona. Baadaye utaomba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi, na ukurasa huo mmoja wenye mwandiko wa hakimu una uzito kuliko mashahidi wako watano.

Na usikubali kosa ili uende nyumbani. "Sema ndiyo, ni faini ndogo tu" ni ushauri wa bei ghali. Ukikiri kwamba ulimzuia askari kazini au ulizua rabsha, dai la kushtakiwa kwa hila limekwisha pale pale, na dai la kipigo limepata kilema: serikali itasema wewe mwenyewe ulikiri kukinzana.

Tano: IPOA, na hofu

Peleka malalamiko IPOA. Ni bure, wana ofisi Nairobi na miji mingine ikiwemo Mombasa na Kisumu, na unaweza kuandika kwa Kiswahili. Wao huchunguza na kupendekeza askari ashtakiwe. Hawalipi fidia, na malalamiko yako kwao hayasimamishi ile saa ya miezi 12. Watu wengi hukaa wakingoja "ripoti ya IPOA" kama wanaongoja meli. Tuma malalamiko, pata nambari ya faili, endelea na safari yako.

Hofu nayo si ya kuchekwa. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake, mwendesha bodaboda, na dereva wa teksi aliyewabeba, walipokuwa wakitoka mahakamani Mavoko. Mteja huyo alikuwa amemlalamikia IPOA afisa aliyempiga risasi. Hukumu ilikuja Julai 2022: maafisa watatu na mtoa habari wao wakapatikana na hatia. Kwa hiyo usitembee na faili lako likiwa nakala moja tu. Nakala moja iwe kwa wakili, moja kwa ndugu, moja kwenye barua pepe. Ukipigiwa simu za ajabu, andika nambari na saa, uwaambie IPOA na wakili wako siku hiyo hiyo. Kuna pia shirika la serikali la kulinda mashahidi, lakini uamuzi wa kukupokea ni wao, na maisha ya kufichwa si mepesi kwa mwenye kibanda cha kuuza.

Kuna na wanaokuja na tabasamu, mzee wa mtaa au askari mpole, na karatasi ya "tumesameheana" pamoja na shilingi elfu chache. Usisaini lolote kabla wakili hajalisoma.

Sita: wakili

Ukiwa huna pesa, jaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973. Hapa pwani kuna mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa, na kwa majeraha ya mateso kuna IMLU, ambao wana madaktari wanaojua kuandika ripoti za aina hii. Sheria pia inaruhusu mtu asiye na uwezo aombe kufungua kesi bila kulipa ada ya mahakama.

Wakili akikwambia "usilipe kitu, tukishinda tunagawana nusu kwa nusu", jua kwamba Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano hayo. Yanafanyika, kila mtu anajua yanafanyika. Lakini siku mtakapogombana juu ya hundi huna pa kushika. Taka barua inayosema ada ni kiasi gani na inalipwa lini.

Saba: mlango upi wa mahakama

Kesi ya kawaida ya madai hufunguliwa kwa hakimu kulingana na kiasi: hakimu mkazi hadi shilingi milioni 5, hakimu mkuu hadi milioni 20, zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Ombi la kikatiba huenda Mahakama Kuu, likitegemea hasa Ibara ya 28 juu ya utu, ya 29 juu ya kutofanyiwa ukatili, na ya 49. Mahakimu nao wanaweza kusikia madai ya mateso na ya kutendewa kinyama chini ya Ibara ya 25. Ikiwa ni mkono uliovunjika, na uko ndani ya mwaka, mimi huwashauri watu kesi ya kawaida: mashahidi husimama, daktari huhojiwa, na kiasi hukadiriwa kwa majeraha. Ikiwa ni kipigo pamoja na kufichwa siku nne bila kufikishwa kortini, ombi la kikatiba linabeba picha nzima vizuri zaidi.

Anayeshtakiwa kwa niaba ya serikali ni Mwanasheria Mkuu. Maafisa mnaowajua kwa majina waongezeni. Kama waliokupiga ni kanjo, yaani askari wa kaunti, wale si polisi. Mshtakiwa ni serikali ya kaunti, na mwaka mmoja uchukulie kuwa unakuhusu vile vile.

Kuhusu notisi ya siku 30 kwa Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012 kwamba kumnyima mtu kesi kwa kukosa notisi hiyo ni kinyume cha Katiba. Itume hata hivyo, ni barua tu. Ila usiache iumeze mwezi wako wa mwisho. Msomaji wa Tanzania asichukue hili kama lake: kwenu notisi ni siku 90, na mahakama huidai.

Hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, ndiyo moyo wa kesi. Nimesoma nyingi zenye sentensi kama hii: "Nilipigwa vibaya sana na polisi bila huruma na nikateswa kinyama." Haimwonyeshi jaji kitu. Linganisha na hii: "Nikiwa nimelala kifudifudi kando ya meza ya mama muuza viazi, mikono ikiwa na pingu mgongoni, afisa mwenye sare ya buluu alinipiga rungu mara tatu mkono wa kushoto. Pigo la pili nilisikia mfupa ukilia." Hakuna neno "kinyama" humo, na halihitajiki.

Gharama za hospitali, simu iliyovunjwa, siku za kazi zilizopotea: kila kimoja kitajwe kwa kiasi chake na risiti yake. Hasara ya aina hii isiyotajwa na kuthibitishwa hailipwi hata kwa shilingi. Maumivu yenyewe jaji huyakadiria kwa kuangalia kesi zilizotangulia zenye majeraha kama yako, kwa hiyo mwambie wakili azitafute. Walioteswa Nyayo House, jengo la serikali Nairobi lililotumika kutesea watu enzi ya Moi, walipata hukumu yao 2010, kati ya takriban shilingi milioni moja na milioni tatu kila mmoja. Michubuko isiyovunja mfupa usiitarajie huko.

Mkiwa na shaka juu ya daftari la kituo, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kuomba nakala ya OB, orodha ya zamu na daftari la silaha. Wanapaswa kujibu ndani ya siku 21. Wasipojibu, barua yenu yenye muhuri wa kupokelewa nayo ni ushahidi.

Nane: kushinda, kisha kulipwa

Haya ni mambo mawili tofauti. Mali ya serikali haipigwi mnada. Huwezi kumtuma dalali akachukue Land Cruiser ya polisi, ingawa kila mteja huniuliza. Baada ya siku 21 tangu hukumu, wakili huomba cheti cha amri kutoka mahakamani na kukipeleka kwa Mwanasheria Mkuu na wizara husika. Wasipolipa, anarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya mandamus ya kumlazimisha katibu wa wizara alipe. Akikaidi hata hiyo, ndipo anaitwa ajieleze kwa nini asifungwe kwa kudharau mahakama. Njia hii huchukua miaka, na riba huendelea kuhesabiwa. Mwenye dai akifariki katikati, familia ichukue barua za usimamizi wa mirathi haraka ili kesi isianguke.

Pesa ikitoka, kwa kawaida hupitia akaunti ya wakili. Mwombe karatasi ya hesabu iliyosainiwa inayoonyesha kilichoingia, tarehe kilipoingia, ada yake, na kilichobaki chako, kisha uilinganishe na ile barua ya ada mliyoandikiana mwanzo.